Saa ya Moyo ya Mwalimu Tabby

Jumatatu, 8 Oktoba 2007

Daktari Deepa ameniambia nianze kuandika. Si mambo makubwa, amesema, andika tu unavyojisikia. Nikamwambia sijisikii vyovyote. Akasema, "Basi andika hivyo."

Haya. Sijisikii vyovyote.

Kilichonipeleka kwake ni kule kuanguka darasani mwezi uliopita. Nilikuwa nafundisha ngeli, kidato cha pili, moyo ukaanza kwenda mbio kama unaokimbizwa, nikaona ubao unapanda juu, halafu nikazinduka sakafuni wasichana wakinipepea kwa madaftari. Cheptoo, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyenishika mkono mpaka kliniki. Sasa nina vidonge vya kuutuliza moyo, asubuhi na jioni. Vinatuliza kweli. Vinatuliza na mengine. Jana mume wangu, Karanja, alivunja bakuli tulilopewa siku ya harusi. Nikamwambia pole kama naongea na mtu tuliyekutana naye benki.

Daktari anataka niendeshe baiskeli, polepole, na mapigo yasipite mia moja na ishirini kwa dakika.

"Nitajuaje yamepita?"

"Kuna saa za kupima moyo. Nenda kwa Rajinder."

Jumamosi, 13 Oktoba

Nimeenda. Duka la Rajinder liko nyuma kidogo ya soko. Upande mmoja ni saa na vikombe vya kuwapa washindi wa michezo, upande mwingine ni vipuri vya baiskeli. Mwenyewe amepita sitini, amevaa kilemba cha buluu. Jumapili huendesha baiskeli hadi Njoro na kurudi.

"Mwalimu, unataka saa ya baiskeli ama ya kuvaa kanisani?"

"Ya vyote viwili."

"Kila mtu anataka ya vyote viwili," akasema, akafungua kabati.

Ya kwanza ina mkanda wa kufunga kifuani, chini ya matiti. Unaulowesha maji kidogo, unaushika mwili, na saa inasoma mapigo yenyewe bila kuguswa. Lakini hiyo aliyokuwa nayo ni kubwa kama kifuniko cha kopo la mafuta. Ya pili haina mkanda. Unaweka vidole viwili pembeni mwa saa, unatulia, inakwambia. Ni ndogo, inapendeza, ningeivaa popote. Shida ni kwamba ukiwa juu ya baiskeli lazima uachilie mkono mmoja. Ya tatu ina mkanda pia, haina jina la maana, ni rahisi.

"Sikuuzii leo," alisema. "Chukua hii rahisi, jaribu. Saa ni kama kiatu, lazima utembee nayo."

Jumapili, 21 Oktoba

Nilitoka na Cheptoo kwenda upande wa Njoro. Yeye pia amekopeshwa saa kama yangu. Cheptoo haendeshi polepole, hajui. Tulikuwa sambamba pale kwenye miti ya mkaratusi nikatazama saa: mia moja sitini na nne. Nikasimama. Nikakaa kwenye nyasi nikingoja kuanguka. Sikuogopa. Nilifikiria tu kwamba sijasahihisha insha.

Cheptoo akaenda kununua mahindi ya kuchoma ng'ambo ya barabara. Saa ikashuka, tisini na sita. Akarudi na mahindi, ikapanda tena.

"Ngoja," akasema. Akarudi nyuma hatua kadhaa. Ikashuka. Akaja. Ikapanda. "Tabby! Ni mimi! Saa yako inanisoma mimi!"

Alicheka mpaka akaangusha mahindi. Mimi nilijua inachekesha.

Jumatatu, 22 Oktoba

Rajinder anasema mikanda ya bei rahisi yote inaongea sauti moja, saa haijui ni moyo wa nani. Zipo ambazo mkanda na saa vina siri yao. Ataagiza Nairobi.

Jumamosi, 3 Novemba

Mvua. Mitihani. Sikuendesha.

Jumapili, 18 Novemba

Karanja amerudi kutoka Nairobi alikopeleka viazi, ameniletea saa. Nyeusi, nzito, ya kiume.

"Inapima moyo?" nikamuuliza.

Akaitazama upande huu na ule. "Ina dira."

"Dira ya nini?"

"Ukipotea."

Niliona amechoka na macho yake mekundu, na alikuwa amezunguka mji mzima kuitafuta. Nikaivaa jioni yote. Zamani ningemkumbatia, na kumcheka pia.

Ijumaa, 30 Novemba

Shule zimefungwa. Kila ukuta una picha za wagombea. Cheptoo na mimi tumekubaliana tusiongelee siasa tukiwa kwenye baiskeli, na hatujaongelea.

Rajinder bado anangoja mzigo wake. Tumemrudishia zile rahisi, naye amenipa ile ya vidole niishi nayo likizo yote. "Ivae jikoni, ivae kanisani, oga nayo. Januari utaniambia."

Jumanne, 25 Desemba

Molo, kwa mama mkwe. Baridi ya kukata masikio, ukungu mpaka saa nne. Mama Rahab ana ekari tatu za viazi na ng'ombe wawili wa maziwa, na ameishi pale tangu baba yake Karanja aliponunua kutoka kwa shirika la wakulima. Hajawahi kunitukana. Ni kwamba miaka kumi na minne sina mtoto, na yeye hunipa kiti cha wageni.

Aliniona naweka vidole kwenye saa.

"Unafanya nini?"

"Nauliza moyo unaendaje, Mama."

"Mtu mzima kuuliza saa kama yuko hai." Akaendelea kumenya viazi.

Hata hivyo nimeizoea. Naiuliza nikiamka, naiuliza nikisali. Hamsini na tisa. Sitini na mbili. Hunijibu kila wakati.

Alhamisi, 27 Desemba

Nimepiga kura. Foleni ndefu, jua kali.

Jumapili, 30 Desemba

Jioni matokeo yametangazwa. Majirani wengine walipiga kelele za furaha, wengine walifunga madirisha. Baadaye tukaona moshi mbali, upande wa magharibi.

Jumanne, 1 Januari 2008

Mama Rahab hashiki simu. Kadi za simu zimeisha madukani. Karanja anatembea kutoka mlangoni hadi dirishani.

Ijumaa, 4 Januari

Karanja amemleta mama yake. Walikuja juu ya lori la viazi lisilo na viazi, na watu wengine wengi, magodoro, kuku. Nyumba imechomwa. Ng'ombe wamechukuliwa. Ghala la mbegu limechomwa pia, Mama Rahab amesema viazi vilinukia kama chakula.

Alishuka na begi moja na sufuria. Nikampa kiti changu, akakaa. Nikatafuta neno la kumwambia, mimi mwalimu wa Kiswahili. Nikamwambia, "Karibu, Mama."

"Asante," akasema.

Jumamosi, 5 Januari

Sitini.

Jumatatu, 14 Januari

Shule imefunguliwa lakini madarasa nusu tupu. Cheptoo alikuja na baiskeli. Akaniuliza habari za mama mkwe, nikamwambia. Kwao ni Kuresoi, na kabila lake si letu. Akasema, "Na kwetu shangazi amekimbia. Amefukuzwa na upande wa pili." Tukala chakula cha mchana bila kuongea, lakini meza moja.

Jumamosi, 19 Januari

Hakuna cha kuandika.

Jumatatu, 28 Januari

Nitaandika yote, sasa kumetulia kidogo.

Ijumaa asubuhi mji uliwaka. Cheptoo alikuja mbio kwa baiskeli, begi limefungwa nyuma. Mwenye nyumba alikuwa amemwambia, "Mwalimu, sina ubaya na wewe, lakini wakikukuta hapa watachoma plot yote na wapangaji wake." Hakuniomba chochote. Alisimama getini akihema. Nikafungua.

Mama Rahab alikuwa jikoni. Alimtazama Cheptoo kuanzia miguuni. Akamuuliza jina, akaambiwa. Akarudi kwenye viazi vyake.

Karanja alinivuta chumbani. "Hawezi kukaa hapa."

"Ataenda wapi?"

"Polisi. Uwanjani kwa wakimbizi. Sijui. Tabby, mama yangu yuko hapa na nguo moja. Unajua ni kina nani walimchomea?"

"Si Cheptoo."

"Sijasema ni Cheptoo."

"Barabara imefungwa," nikamwambia. Ilikuwa imefungwa kweli, matairi yalikuwa yanawaka pale kona. Cheptoo akalala chumba cha mwisho, Mama Rahab akalala upande wa pili wa mlango wake.

Jumamosi mchana wakaja. Labda vijana kumi na watano. Walikuwa wanapita geti kwa geti, marungu, panga, mmoja na chuma cha dirisha. Nilitoka mimi. Sikufikiria nitoke, nilijikuta nimetoka. Geti letu ni la vyuma vyembamba, unaona mtu mzima mzima. Mmoja wao ndiye hutuletea maziwa.

"Niaje, mwalimu," akasema aliye mbele, huyo simjui. "Hatuna noma na wewe. Tunacheki tu nani anaishi hapa."

"Mimi, mume wangu na mama mkwe."

"Na ile baiskeli ya pili?"

Zilikuwa zimeegemea ukuta, yangu na ya Cheptoo.

"Ya mume wangu."

"Mume wako anabeba kikapu na maua?"

Wengine wakacheka. Kikapu cha Cheptoo kina maua ya plastiki, kweli. Nikaweka vidole viwili kwenye saa. Sijui kwa nini niliweka. Nilingoja kama ninavyongoja kila siku, na wale vijana, sijui ni kwa nini, nao wakangoja. Sitini na moja.

Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu, ndani ya ile nyumba, angekufa kwa neno moja, na moyo wangu ulikuwa umekaa kama mtu anayesubiri chai.

Nikageuka. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Chini yake niliona viatu vya Karanja, vile vya kahawia. Vilikuwa vimesimama pale. Havikutoka.

Aliyetoka ni Mama Rahab, kisu cha kumenyea mkononi, maji yanamtiririka kwenye viwiko. Akanipita akaenda mpaka kwenye vyuma.

"Mnatafuta nini?"

"Mathe, sisi tunawalipizia nyinyi watu wa Molo. Mliochomewa."

"Nani alichomewa?"

"Watu wa..."

"Mimi ndiye niliyechomewa. Nyumba ni yangu. Ng'ombe walikuwa wangu, nina majina yao. Wa kulipiza ni mimi. Nimemtuma nani?" Akamwelekezea kisu yule wa mbele. "Nimekutuma wewe?" Akamwelekezea mwingine. "Wewe? Wewe wa maziwa, mama yako ni yule wa kanisa la chini. Nimpigie simu nimwambie umekuja kunilipizia?"

Yule wa maziwa akatazama chini. Yule wa mbele akapiga geti kwa rungu, mara moja, kisha wakaenda. Waliingia nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulisikia. Hakuna aliyetoka, hata mimi.

Ndani, Cheptoo alikuwa amekaa sakafuni kati ya kitanda na ukuta. Mama Rahab akasimama juu yake.

"Usidhani nimekupenda," akamwambia. "Sijampenda mtu yeyote mwezi huu. Njoo ule."

Cheptoo alishindwa kushika kikombe, nikamshikia. Karanja alikuwa bafuni. Alikaa humo muda mrefu.

Leo Rajinder amekuja na gari lake dogo la mizigo, mbele yake gari la polisi. Sijui alimwomba nani. Amempeleka Cheptoo kituoni, kuna basi la kuwatoa mjini watu wa kwao. Tulikumbatiana. Yeye alilia begani mwangu, na mimi nilisimama kama nguzo ya simu. Baiskeli imebaki.

Jumatano, 6 Februari

Habari zimezunguka shuleni. Mwalimu mkuu amenishika mikono miwili, akaniita jasiri. Mwalimu wa historia ameniambia ananiombea niwe mfano. Nimewaambia asante. Nikiwaambia ni vidonge watadhani ni unyenyekevu.

Jumatatu, 11 Februari

Nimeenda kumrudishia Rajinder saa yake. Vioo hakuna, ameziba kwa mbao. Ndani ni rafu tupu na misumari.

"Saa zilienda zote," alisema. "Baiskeli mbili. Hata vikombe vya washindi walichukua. Sijui watasema wameshinda nini."

Nikaiweka saa ya vidole mezani. Akaitazama kama mtu aliyeletewa jamaa yake.

"Hii ndiyo pekee iliyobaki, Mwalimu. Si ukae nayo?"

"Sitaki, mzee."

"Haipimi vizuri?"

"Inapima vizuri."

Alinipa chai kutoka kwenye chupa yake, tukanywa tumekaa juu ya masanduku.

Jumapili, 17 Februari

Nilimkuta Mama Rahab anafua. Kumbe hunifulia na zangu pia. Nikamwambia aache. Akasema, "Kwa nini? Una mkono mwingine zaidi ya huu wangu?" Nimefikiria maneno hayo siku nzima. Sidhani yalikuwa matusi.

Karanja analala sebuleni. Anasema ni mgongo.

Alhamisi, 28 Februari

Wakubwa wametia sahihi mapatano. Tuliona kwenye televisheni. Mtaani watu walipiga makofi kidogo, kama waliomaliza mazishi. Mama Rahab alikuwa anachambua maharagwe.

"Sasa tutapanda lini?" akauliza.

Ijumaa, 7 Machi

Daktari Deepa amepunguza dawa, nusu kidonge asubuhi, jioni basi. Nikamweleza kuhusu geti. Nikamuuliza kama ni vidonge.

"Vinapunguza mbio za moyo na mikono kutetemeka," alisema. "Hayo mengine siwezi kukuambia. Mji mzima unakuja hapa ukiniambia hausikii kitu, na hawajameza chochote."

Jumamosi, 15 Machi

Rajinder amefungua. Vioo vipya, rafu moja tu ina vitu. Mzigo wa Nairobi umefika: saa ndogo ya kijivu, mkanda wake kifuani, ule wenye siri yake. Bila mkanda ni saa tu. Inakwambia ni saa ngapi na tarehe, basi.

"Lakini Mwalimu, wewe ulitaka ya kuuliza wakati wowote," alisema. "Hii bila mkanda haikuambii kitu."

"Ndiyo maana naitaka."

Nilimweleza, na nadhani alielewa. Siku ya baiskeli nitafunga mkanda kwa sababu daktari anataka. Siku nyingine sitaki kitu mkononi cha kunijibu. Nilisimama mbele ya wale vijana nikaiuliza saa kama naogopa, badala ya kujiuliza mwenyewe. Nimeinunua. Nimeivaa kwenda nyumbani, ikaniambia ni saa tisa na robo.

Jumapili, 16 Machi

Nilienda peke yangu hadi njia panda ya Njoro. Mia moja na tisa. Upepo, vumbi. Miguu iliniuma, na niliona vizuri kwamba inaniuma.

Jumanne, 25 Machi

Cheptoo amepiga simu. Amehamishiwa shule karibu na kwao. Harudi.

"Baiskeli mpe mtu," alisema.

"Nitakutunzia."

"Tabby, mpe mtu." Kisha akasema, "Ulitoka ukaenda getini. Mimi nasimulia watu hapa."

"Vilikuwa vidonge, Cheptoo. Moyo wangu ulikuwa sitini na moja."

"Vidonge havina miguu," akasema. Mashaka yake ya hesabu ni yale yale, hakubali jibu bila njia. Alipokata simu niliketi nikiishika. Nilikuwa na hamu naye. Niliitambua hali hiyo kama unavyotambua mtu wa zamani sokoni, kwanza mwendo, halafu sura.

Jumamosi, 5 Aprili

Molo. Mvua ya masika imeanza na Mama Rahab hakukubali kungoja tena. Majirani wengine wamerudi, wengine wamekataa. Tulifika asubuhi na mbegu za kuombaomba na turubai. Nyumba ni kuta nne nyeusi. Ndani yake kumeota nyasi.

Mama Rahab hakuitazama. Alienda moja kwa moja shambani, akaanza mstari wa kwanza.

Mimi na Karanja tulibaki kwenye gunia tukichagua mbegu zenye macho mazuri. Mikono yake ilikuwa na baridi, ikawa inaangusha. Akaangusha moja, akaangusha nyingine, na ghafla nikakasirika. Nimeandika neno hilo na nimelitazama: nilikasirika.

"Ulikuwa nyuma ya mlango," nikamwambia.

Hakujifanya hajui ninachosema.

"Nilikuwa naona viatu vyako, Karanja. Hata neno hukusema. Hata kusimama tu. Ungesimama karibu nami!"

Nilikuwa napiga kelele. Mikono ilikuwa inatetemeka na sikutaka kujua kwa kiasi gani. Nilimtupia kiazi, kikampata begani. Hakukwepa.

"Niliogopa," akasema.

"Hilo naliona."

"Hulioni. Niliogopa mpaka nikajikojolea." Alisema akitazama gunia. "Nimesimama pale siwezi kwenda mbele wala nyuma. Mama alinipita akaona. Jioni alifua ile suruali, akaianika katikati ya nguo zako ili usijue. Hajaniambia neno mpaka leo."

Mvua ilikuwa inaanza. Nilimtazama mume wangu vizuri, mwanamume mrefu mwenye udongo magotini. Mimi sikuwa nimeogopa na nikasifiwa shule nzima. Yeye aliogopa jinsi mtu anavyopaswa kuogopa, akalala sebuleni miezi miwili.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa huulizi kitu," akasema. "Ulikuwa unaiuliza saa."

Nikalia. Si sana. Nililia nimechuchumaa, na yeye akaja akachuchumaa karibu, hakunishika, alikuwa hajui kama anaruhusiwa. Nikamshika mimi.

"Nyinyi!" Mama Rahab alikuwa amenyooka mwisho wa mstari, mkono kiunoni. "Mtalia baadaye! Huu udongo ukilowa sana hatutaingia tena mpaka wiki ijayo. Leteni mbegu!"

Karanja akashika gunia upande mmoja, mimi upande mwingine. Lilikuwa zito. Tulilibeba hadi kwake, na aliponiona nimesimama nikihema, hakunitafutia kiti, akanipa jembe lake akachukua la zamani.